Somo la Kusimama

Kirstine, umeniandikia kwamba wamekuchagua.
Mama yako amelia kwa furaha, baba yako ameagiza viatu.
Viatu! Mwambie aagize vikubwa kidogo.
Ifikapo jioni mguu huumuka kama unga wa mkate,
na hakuna atakayekuuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia Kopenhagen
na makasha matatu, ngao ya ukoo yenye kunguru wawili,
na ujinga wa kudhani kwamba kumhudumia malkia
ni kuketi dirishani na kudarizi.
Kuketi! Katika chumba kile viti vilikuwa kumi na vinne,
vyote vya hariri ya kijani. Nilivihesabu kila siku
kama mwenye njaa anavyohesabu mikate ya jirani.
Malkia akiwapo, sisi tu nguzo:
nguzo zenye pumzi, zenye majina marefu, zenye pini mdomoni.

Anza na pini. Arobaini na mbili kwa gauni la kawaida,
tisini kwa la karamu, na ile ya kwapani
ipitishe kwa chini, ama atapiga yowe mbele ya balozi.
Jifunze kwenda kinyumenyume bila kukanyaga pindo lako
wala mkia wa Pryd, mbwa, ambaye cheo chake kinazidi chako:
yeye hulala kitini.
Cheka baada yake, nyamaza kabla yake.
Barua zake utazisoma kwa sauti, kisha uzisahau.
Mimi nimesahau barua mia sita. Naweza kukutajia zote.
Ukubwa ni jaa, Kirstine,
nasi ndio tunaotandika zulia juu yake.

Mume nilikuwa naye, siku za Jumapili.
Mtoto nilimzaa Machi; Aprili nikarudishwa zamu,
na Maren akapelekwa Jutland, kwa Gertrud wa kumnyonyesha.
Gertrud hakujua kuandika. Alimwomba kasisi
anitumie mistari miwili:
Mtoto amesimama dede.
Alijishika kwenye ndoo ya maziwa.
Niliisoma nimesimama, nyuma ya kiti cha malkia,
wakati wa supu. Nikaikunja ndogo, ndogo zaidi,
nikaitia ndani ya glavu.
Supu ilizidi chumvi. Hakuna aliyesema.

Sasa sikiliza hili, ambalo hata mama yako sikumwambia.
Majira yale bahari ilipoganda hadi Uswidi
ndui ilimchukua mwana mdogo wa mfalme.
Makasisi walipotoka, na daktari na mikoba yake,
tulibaki wawili, na jiko la kauri likialika likipoa.
Malkia alikuwa sakafuni. Hana pini hata moja.
Akasema, bila kunitazama: Keti, Vibeke.
Si Bibi Ravnsholt. Vibeke.
Nami, Mungu anisamehe, magoti yalikataa.
Miaka kumi na mmoja yalifundishwa jambo moja tu,
na yalikuwa wanafunzi wazuri.
Akasema mara ya pili.
Nikashika ukingo wa meza, nikashuka kama ng'ombe mgonjwa,
nusu, kisha nusu ya nusu,
mpaka bega langu likagusa lake, nalo likawa bega tu.
Alinuka jasho na siki. Nadhani nami vilevile.
Kulipopambazuka akanyoosha mkono, akasema: Gauni jeusi.
Nikatafuta pini.
Hakuniita Vibeke tena.

Utaniuliza kama nakushauri uende.
Viatu vimeshaagizwa.

Siku hizi nakaa kwa Maren. Ana kiti kimoja kizuri
karibu na moto, na amenipa mimi.
Kila akiingia chumbani, hata na kapu la mayai,
naona sakafu inakwenda mbali.
Mama, ananiambia, kaa, ni mimi.
Namjibu, ndiyo, ndiyo, najua ni wewe,
na tayari nimekwisha simama.